MIKOKO HAIOTI KWA HOTUBA

Picha tumezizoea. Mheshimiwa ameshuka kwenye shangingi, amevalishwa buti za mpira na glavu mpya, ameingia kwenye tope la ufukweni hatua tatu nne, amechomeka mche wa mkoko, kamera zimewaka, makofi yamepigwa, na msafara umeondoka kwa ving'ora kuwahi chakula cha mchana. Kesho yake magazeti ya wakubwa yanatangaza kwamba miche elfu kadhaa imepandwa. Hakuna anayerudi pale baada ya miaka miwili kuhesabu ni mingapi ingali hai. Leo gazeti hili linauliza hesabu hiyo, na linawauliza ninyi vijana wa Manzese, Tandale, Kigogo, Mchikichini na Jangwani, kwa sababu bili ya jibu lake italetwa kwenu, wala si kwa yule aliyeondoka na king'ora.

Wapo watakaosema kijiweni kwamba mambo ya mikoko na vinamasi ni ya watalii na watu wenye darubini za kutazamia ndege. Sisi tuna njaa, watasema, hawa wanatuletea habari za tope. Haya, tuzungumze habari za tope.

Desemba 2011 nchi ilikuwa imetoka tu kusherehekea miaka 50 ya Uhuru. Mapambo yalikuwa bado yananing'inia barabarani. Tarehe 20 mvua ikaanza kunyesha Dar es Salaam, na Mto Msimbazi ukatoka kitandani mwake. Watu wapatao 40 walikufa. Maelfu walilala nje na hatimaye baadhi yao wakapelekwa Mabwepande, huko pembezoni, mbali na vibarua vyao, mbali na soko, mbali na kila kitu kilichokuwa kikiwapa mkate. Miaka minne baadaye, Desemba 2015, katapila likaja Mkwajuni na kwingineko bondeni na alama ya X nyekundu ikawa ndiyo salamu ya Krismasi. Waliobomolewa wengi walikuwa na risiti za kodi ya majengo na mita za umeme. Dola ile ile iliyowauzia umeme ndiyo iliyowaambia hawapo kisheria.

Na katikati ya hayo yote, Serikali yenyewe ilijenga wapi karakana ya mabasi ya mwendokasi? Jangwani! Juu ya uwanda ule ule wa mafuriko ambao mlalahoi aliambiwa ni kosa kuishi. Mafuriko ya mwaka 2018 yakaingia humo na kuharibu mabasi, na kila masika barabara ya Jangwani ikawa inafungwa kama duka la Mpemba saa ya sala. Mto haukuivamia karakana. Karakana ndiyo iliyouvamia mto, kwa mihuri na saini za wataalamu.

Bonde ni nini kwa mto? Ni chumba chake cha wageni. Siku za kawaida mto unalala chumbani kwake, lakini mvua kubwa ikishuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, maji mengi huhitaji mahali pa kusambaa, kutulia, kuangusha mchanga na kuteremka polepole hadi baharini. Kinamasi chenye matete na majani marefu hufanya kazi hiyo bila mshahara. Maji yakipita ndani yake hupoteza kasi, na yakipoteza kasi hupoteza nguvu ya kubomoa. Ukikijaza kifusi kile kinamasi, ukakijengea ukuta na kukimwagia zege, maji hayapungui hata ndoo moja. Yanakwenda tu kwa jirani, tena yakiwa na hasira zaidi. Mji wa Dar es Salaam umefanya hivyo kwa miongo kadhaa, masikini wakijenga bondeni kwa kukosa pa kwenda, matajiri wakijenga kwa kuwa na mtu wa kumpigia simu.

Sasa tufike mdomoni mwa mto, pale Daraja la Salender, ambako Msimbazi unaingia baharini. Pale kuna mikoko, na mikoko si mti mmoja kama wengi wanavyodhani. Wavuvi na wakata boriti wa pwani wanaijua kwa majina yake tangu enzi za majahazi ya kwenda Arabuni: mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu unaochomoza mizizi juu kama penseli, mkandaa wa kutilia rangi ngozi na nyavu, muia, mkomafi, mpira unaosimama mbele kabisa kuyapokea mawimbi. Kila mmoja una kiti chake. Mpira hustahimili kuzamishwa na karibu kila maji yanapojaa. Mchu unapatikana mbele na pia nyuma kabisa kwenye chumvi kali. Mkandaa hupenda sehemu ya ndani, inayofikiwa na maji mara chache zaidi. Kinachogawa viti hivyo ni kimo cha ardhi. Hapa kwetu maji ya bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na tofauti ya sentimita chache tu za tope inaamua mche utazama mara ngapi kwa mwezi, na kwa hiyo kama utaishi au utakufa.

Hapo ndipo sherehe za wakubwa zinapoumbuka. Pahali rahisi pa kupanda kwa kamera ni tope tupu lililo mbele ya msitu, kwa sababu liko wazi, halina mwenyewe na halihitaji kumhamisha mtu. Lakini lile tope liko tupu kwa sababu! Maji ni mengi mno pale, mawimbi ni makali, na kama mahali pangefaa mikoko, mikoko ingekwisha ota yenyewe bila kumsubiri mgeni rasmi. Na mche unaochaguliwa ni ule wa mkoko, kwa vile mbegu yake ni ndefu, inashikika vizuri mkononi, na inachomekwa kama mshumaa. Mti usio wake, kwenye kiti kisicho chake.

Si maneno yetu. Nchini Ufilipino mamilioni ya dola yalitumika kupanda mikoko kwa miaka mingi, na wataalamu wa huko walipokagua walikuta ni asilimia 10 hadi 20 tu iliyodumu, kisa kikiwa ni hicho hicho: mkoko umepandwa mbele baharini, mahali pa mchu na mpira, huku mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa, ambako ndiko misitu ilikokuwa, yakiachwa kwa sababu yana wenyewe wenye vimemo. Sri Lanka baada ya maafa ya tsunami ya mwaka 2004 kila aliyekuwa na fedha za misaada alikimbilia kupanda. Wakaguzi walipozunguka kwenye maeneo 23, maeneo 9 hayakuwa na hata mche mmoja hai. Katika hekta zaidi ya 1,000 zilizopandwa, zilizofaulu zilikuwa kama 200. Fedha zilikwisha, ripoti ziliandikwa, na picha zipo mpaka leo.

Kinyume chake kilifanyika Florida, Marekani. Huko alikuwapo mtaalamu wa viumbe aitwaye Robin Lewis, mtu aliyechoka kuona miche ikifa. Kwenye eneo la West Lake, karibu na mji wa Hollywood wa huko Florida, kulikuwa na hekta kama 500 za pwani iliyoharibiwa kwa kujazwa udongo. Lewis hakuanza na kitalu. Alianza na kifaa cha kupimia kimo. Alikwenda kwenye msitu mzima wa jirani, akapima mizizi imesimama kwenye kimo gani na maji yanaingia mara ngapi, kisha akarudi kwenye eneo lililoharibiwa, kifusi kikaondolewa mpaka ardhi ikafikia kimo kile kile, na vijito vya kuingizia na kutolea maji vikachimbwa upya. Baada ya hapo akafanya jambo ambalo hakuna mheshimiwa wa kwetu angelikubali: hakupanda. Bahari ikaleta mbegu yenyewe, zikashika, na msitu ukasimama. Fundisho lake likaenea duniani: kwanza jua mti unataka nini, halafu jua maji yanapita vipi, halafu tafuta ni nini kilichoyazuia, ukiondoe. Kupanda kwa mkono ni jambo la mwisho, pale tu mbegu zinaposhindwa kufika zenyewe.

Ndugu msomaji, huo ndio uhandisi wenyewe. Ni wa koleo, mipira ya maji, vijiti vya kupimia na daftari la kuandikia maji ya bamvua na maji mafu. Hauhitaji hotuba hata moja.

Na tusiambiwe kwamba hayo ni ya Wamarekani wenye fedha. Vuka mpaka tu hapo Horohoro, pita Lungalunga, utafika Gazi katika Kaunti ya Kwale, kusini ya Mombasa. Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba hiyo ilikatwa kwa ajili ya kuni za viwanda, ikabaki vipara ambavyo havikuota tena. Kuanzia mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwamo Dk. James Kairo, wakaanza kupanda tena kwa utaratibu, kila mti mahali pake, wakirudi mwaka hadi mwaka kupima unene wa shina, hesabu ya kaa, samaki wanaoingia na maji. Walikuwa wanaweka daftari. Daftari hilo ndilo lililokuja kugeuka kuwa fedha: mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakaanzisha mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117, wakauza kwa wanunuzi wa ng'ambo haki ya hewa ya ukaa inayofungwa na msitu wao, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Ulikuwa mradi wa kwanza wa aina yake duniani kwa mikoko inayosimamiwa na wanajamii. Fedha si nyingi, tusidanganyane, lakini zimeingia kwenye maji ya bomba na madarasa ya pale pale kijijini, na wanakijiji ndio waliokaa kupanga zitumikeje. Vanga, jirani kabisa na mpaka wetu, nao wakafuata mfano huo. Wanunuzi wasingetoa hata senti kwa ajili ya picha ya mheshimiwa mwenye buti. Walitaka namba, na Gazi walikuwa na namba za zaidi ya miaka 20.

Biashara hii ya kuuza hewa ina wasiwasi wake, nasi tunao. Mwenye kiwanda huko Ulaya asije akanunua ruhusa ya kuchafua kwa bei ya kisima cha maji Kwale. Lakini hilo ni la kujadili siku nyingine. Leo tunasema tu kwamba wavuvi wa Gazi waliweza kuhesabu miti yao, na Serikali yenye wizara, wakala na mabaraza haishindwi.

Turudi Msimbazi, maana ndiko kwenye fedha. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde hilo. Mpango wenyewe ulianza kuandaliwa mwaka 2018 baada ya mafuriko, na kwa haki ya Mungu tuseme ukweli: kwenye karatasi ni mpango wenye akili kuliko yote tuliyowahi kuletewa. Haukusudii kuufungia mto kwenye mfereji wa zege. Unakusudia kuupanua na kuuchimba, kuondoa ile karakana ya mabasi, kujenga daraja refu la Jangwani ili maji yapite chini badala ya juu, kurudisha uwanda kuwa bustani ya mji ambayo mafuriko yakija yataingia na kutoka bila kumuua mtu, na kuinua kingo kwa matuta kwa kutumia udongo utakaochimbwa. Bustani inayozama mara chache kwa mwaka si kasoro. Imechorwa izame. Watakaokuja kupiga kelele kwamba mradi umeshindwa siku watakapoona viti vya bustani viko majini wajue hivyo ndivyo ilivyotakiwa.

Lakini mkoko ndio kwanza unaalika maua, na maswali yetu yako hapa.

La kwanza, mchanga. Mto Msimbazi umejaa mchanga kwa sababu vilima vya juu vimevuliwa nguo, viwanja vimekatwa hadi kwenye kingo za vijito, na kila mvua inashusha udongo na takataka. Ukichimba mto chini bila kufunga jeraha juu, unalipa katapila ili lirudi mwakani. Mkandarasi atafurahi, kwa sababu huo ni ulaji usiokauka. Mlipa kodi atalia. Tunataka kuona fedha za kupanda nyasi na miti kwenye kingo za juu, za kujenga mabwawa madogo ya kunasa mchanga na plastiki, na tunataka kujua nani atayazoa yale mabwawa baada ya wafadhili kuondoka. Bwawa la kunasa mchanga lisilozolewa hujaa kwa msimu mmoja, na likishajaa halifanyi tena kazi yoyote.

La pili, ardhi. Matuta yakishainuliwa katikati ya jiji, kando ya bustani na hatua chache kutoka Kariakoo, yatakuwa ardhi ya dhahabu. Ni nani atakayepewa? Mwaka 2023 na 2024 wakazi wa bondeni walianza kulipwa na kuvunjiwa nyumba. Kijana aliyezaliwa Mchikichini akaambiwa hapa ni hatari, ondoka, kisha baada ya miaka mitano akapita pale na kuona jengo la ghorofa 15 lenye walinzi, ataelewa kwamba hatari ilikuwa ni umasikini wake. Hatusemi ndivyo itakavyokuwa. Tunasema orodha ya watakaogawiwa ibandikwe mapema ukutani.

La tatu, uchafu. Msimbazi unapokea maji ya machinjio, ya viwanda na ya vyoo, na watu wanamwagilia mchicha humo humo. Kurudisha matete peke yake hakutatosha kama mabomba hayo hayakuzibwa, ila matete yakipangwa kisayansi yanaweza kubeba sehemu ya mzigo. Chimba kitanda, weka kokoto, panda matete, pitisha maji taka polepole chini ya kokoto: bakteria wanaoishi kwenye mizizi na mawe watakula uchafu, na maji yatatoka yakiwa na unafuu mkubwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia utafiti teknolojia hiyo kwa miaka mingi. Kampala wanaijua kwa njia ya uchungu: kinamasi cha Nakivubo kimekuwa kikichuja maji taka ya mji kabla hayajaingia Ziwa Victoria, karibu na mahali mji huo huo unapovuta maji yake ya kunywa, na kwa miaka wamekimega kwa mashamba ya magimbi na majengo. Kila hekta iliyomegwa inalipiwa kwa dawa za kusafishia maji.

Sasa tazama kituko cha jiji letu. Katikati ya mji mto umekabwa koo na mchanga, na kilomita chache kaskazini fukwe zinakufa kwa njaa ya mchanga! Wazee wa Kunduchi wanaikumbuka Hoteli Africana ilivyokuwa fahari ya pwani, na jinsi bahari ilivyoila. Mchanga wa fukwe zile huletwa na vijito vinavyoteremka kutoka bara, na kwa miongo mingi vijito vya Mbezi na Tegeta vilichimbwa mchanga kujengea nyumba, lori baada ya lori. Huko baharini nako baruti za wavuvi haramu zilivunja matumbawe yaliyokuwa yakiyapunguza mawimbi kabla hayajafika. Ufukwe ukanyimwa chakula huku mlango wake ukivunjwa.

Wenye hoteli wakajitetea kila mmoja kivyake, kwa kuchomoza vizuizi vya mawe kwenda baharini. Kizuizi cha namna hiyo kinakusanya mchanga upande mmoja na kumnyima jirani wa upande wa pili. Jirani naye anajenga cha kwake. Mwisho wa safari ni mvuvi maskini asiye na mawe wala mhandisi. Na kuta je? Ule ukuta wa kando ya Barabara ya Barack Obama, uliokamilika mwaka 2018, hatuubezi, kwa sababu barabara ilikuwa inaliwa na hapakuwa na nafasi ya kitu kingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, nasi tumekwisha fika kwenye ukuta. Lakini wimbi likigonga ukuta haliishi, linarudi na kuchimba mchanga ulioko mbele yake. Ukuta unaokoa barabara na unaweza kuua ufukwe. Tukijenga ukuta kutoka Kigamboni hadi Bagamoyo, tutakuwa na nchi ya pwani isiyo na pwani.

Waholanzi, ambao sehemu kubwa ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari na wasiotaniwa kwa mambo ya kuta, mwaka 2011 walimwaga ufukweni mwao mita za ujazo milioni 21.5 za mchanga kwa mkupuo, kwenye pwani ya Delfland, kisha wakawaachia upepo na mawimbi kazi ya kuusambaza. Hatuna fedha za Waholanzi. Tuna sheria ya kuzuia lori la mchanga lisiingie kwenye kijito usiku, na hiyo haihitaji mkopo, inahitaji tu askari asiyepokea kitu kidogo.

Hata wenye sayansi nzuri hushindwa, na vijana wetu wasifichwe. Kule Demak, kisiwani Java nchini Indonesia, kuanzia mwaka 2015 walijenga nyuzio za miti na matawi baharini, zenye matundu, ili maji ya tope yaingie, yatulie, yaangushe tope, na mikoko iote yenyewe juu yake. Ilifanya kazi. Tope lilinaswa na mikoko ikachipua. Lakini ardhi ya pwani ile inadidimia kwa sababu watu na viwanda wanavuta mno maji ya visima, na sehemu kubwa ya kilichopatikana ikaanza kumezwa tena. Nyuzio zilikuwa sawa. Ugonjwa ulikuwa kwingine, na waliokuwa na mamlaka juu ya visima hawakuwa wale waliokuwa wakijenga nyuzio. Msimbazi nao una wizara yake, manispaa zake kadhaa, mamlaka ya bonde, wakala wa barabara, na kila mmoja ana muhuri wake.

Ndiyo maana hatuwezi kuacha kuitaja Rufiji. Delta ile ina hekta kama 53,000 za mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania. Wasomaji wetu wa zamani wanakumbuka mwaka 1997 Serikali ilivyobariki mradi wa kufuga kamba katika delta hiyo, mradi mkubwa kuliko yote ya aina yake barani, wakati Baraza la Taifa la Mazingira lilishauri vinginevyo. Wanakijiji wakaenda mahakamani. Mradi ukafa, mikoko ikabaki. Leo hatari ni ya namna nyingine, ya kimya. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, liko juu ya delta, na bwawa lolote duniani hunasa tope. Delta ni mtoto anayenyonya tope. Hatupingi umeme, nani anautaka mgao? Tunataka tope lipimwe kila mwaka pale deltani, maji yafunguliwe kwa msimu unaofanana na masika ya zamani, na vipimo vitangazwe. Mikoko ya Rufiji ikianza kukauka kutoka upande wa bahari, hakuna kitalu duniani kitakachoirudisha.

Tumalizie na kazi, maana ndilo swali la kijiweni. Kazi hii inahitaji mikono na inahitaji macho. Inahitaji vijana wa kusoma vijiti vya maji, wa kupima vimo, wa kusuka nyuzio, wa kuzoa plastiki kwenye mabwawa ya kunasia taka, wa kuhesabu miche kila baada ya miezi sita kwa miaka kumi. Mtu wa kidato cha nne akifundishwa wiki mbili anaweza kuipima ardhi kwa mpira wa maji kwa usahihi wa sentimita moja. Kwa nini basi mikataba yote isomeke kana kwamba bonde halina watu ila makatapila na washauri wa dola mia kadhaa kwa siku? Tunataka sehemu ya vibarua vya Msimbazi iandikwe kwenye mkataba kwa majina ya kata: Jangwani, Magomeni, Kigogo, Mchikichini, Vingunguti. Na mikataba ya kupanda mikoko, popote pwani, ilipe kwa mti ulio hai mwaka wa tatu na wa tano. Asilipwe mtu kwa mti uliochomekwa. Siku malipo yatakapokuwa hivyo, hakuna mkandarasi atakayethubutu kupanda kwenye tope tupu, na hakuna mheshimiwa atakayealikwa kabla ya mwaka wa tatu.

Mkopo huu ni wa muda mrefu. Kijana wa miaka 20 leo atakuwa bado anaulipa kwenye bei ya sukari na nauli ya daladala akiwa na wajukuu. Kwa hiyo ana haki ya kuingia ofisi ya serikali ya mtaa wake na kukuta ukutani michoro ya bonde, vimo vya matuta, kiasi cha mchanga kilichochimbwa mwezi huo na ulikopelekwa, jina la mkandarasi na fedha aliyokwisha lipwa. Gazeti hili linamtaka waziri mwenye dhamana atamke ni lini karatasi hizo zitabandikwa, kwa tarehe.